Msimu Kifaduro Alipopata Pumzi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza kuandika kwa sababu nyumbani hakuna anayeniacha nimalize sentensi. Baba ananikatiza, kaka ananisahihisha, mume wangu anacheka kabla sijafika mwisho. Foleni ya mizani ya kiwandani hainikatizi. Leo kuna malori kibao mbele yangu, na karani wa mizani kaenda kunywa chai kana kwamba chai haiishi. Basi naandika hapa hapa kwenye usukani. Nikikandamiza kalamu sana, honi inalia na watu wanageuka kunitazama.

Msimu wa pamba umefunguliwa. Sisi tunakaa chini ya mlima, vijiji vya wakulima viko nyuma yetu, na kiwanda cha kuchambua pamba kiko ng'ambo. Hakuna njia nyingine ila juu ya mlima. Lori ni la Baba. Aliliendesha mpaka macho yalipomtupa mkono. Sasa kaka ndiye msimamizi na mimi ndiye dereva. Mjini wanaliita Kifaduro, na wala si kwa kulionea. Leo limepanda likikohoa na kutoa moshi mweusi tii, mimi na gia yangu ya kwanza, na wanafunzi wakanipita kwa miguu. Mmoja alinipungia mkono!

Asubuhi kaka alinisimamisha getini, mikono kiunoni.

"Sikiliza, mdogo wangu. Msimu huu ndio nafasi ya mwisho. Siku utakayokwama mlimani mpaka uvutwe, siku hiyo hiyo namwita mnunua vyuma. Alikate vipande, tupumzike."

"Na mimi?"

"Na wewe utapumzika."

Nipumzike nifanye nini, nihesabu nzi? Sijui kazi nyingine wala sitaki kuijua.

Jumatano, 5 Juni

Safari moja. Vumbi. Gia ya kwanza tena.

Jioni, hata sijamaliza kusema shikamoo, Baba kaniambia, "Umebadilisha gia mara nne leo. Ulikuwa unapanda mlima au unakoroga saruji?"

Baba hukaa kwenye kiti chake ukutani, uso kauelekeza mlimani. Haoni vizuri, lakini masikio yake, loo! Anausikia mlima wote, kona kwa kona, kisha jioni ananisomea makosa yangu. Tangu nizaliwe sijamsikia akimsifu mtu. Hata siku ya harusi yangu alisema tu kwamba viti vilitosha.

Jumamosi, 8 Juni

Kileleni nimemkuta Kijogoo. Huyu ni dereva mwenzetu, ana lori jipya kuliko langu na kifua mbele kuliko akili. Alikuwa ametoa filta yake ya hewa na kuipigapiga kwenye tairi ili vumbi limwagike. Madereva wote wa njia hii tunafanya hivyo. Ukifika kileleni unashuka, unatoa filta, unaitwanga kwenye tairi, unairudisha, unaendelea. Nami nikashuka nikaitwanga yangu.

"Taratibu, Mama Tani," akaniambia. "Lori linashindwa kupanda kwa sababu ya mzigo wa kwenye usukani, si wa nyuma."

Mwili wangu ni mkubwa, sikatai, na ninaupenda. Nikamjibu kwamba angekuwa na mwili hata nusu ya mdomo wake angekuwa mtu wa maana. Wapakiaji wake walicheka mpaka wakakaa chini.

Nyumbani Baba kauliza swali lake la kila Jumamosi: "Umetia oili kwenye bakuli?"

"Baba, lile bakuli la oili lilikuwa la filta ya zamani. Siku hizi kuna filta ya karatasi. Ni lile lile kopo, lakini ndani hamna oili."

"Karatasi ni ya kufungia sabuni," akasema, akageuza uso.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nimeponea chupuchupu. Kwenye kona kubwa katikati ya mlima Kifaduro alifika mahali akawa anatetemeka bila kwenda. Nilimwomba, nikamtukana, nikamwomba tena. Akasogea. Mikono ilikuwa inanitoka jasho mpaka usukani unateleza. Nimeshusha mzigo nikaenda moja kwa moja gereji.

Fundi Miwani tumekua naye. Miwani yake imefungwa kwa waya wa umeme, na haongei mpaka amalize kufuta mikono. Alitazama moshi, akatazama kopo la filta, akanitazama mimi.

"Nozeli za kupulizia dizeli nilikubadilishia mwaka jana," akasema. "Dizeli inaingia sawasawa. Shida ni kwamba haipati hewa ya kuiunguza. Moshi mweusi ni dizeli mbichi hiyo, dada. Hili gari halina kifaduro. Limebanwa pua."

Akaichukua filta yangu mpaka stoo, kwenye giza, akaingiza taa ndani yake. Upande mmoja karatasi ilikuwa imeziba, mwanga hata haupenyi. Upande mwingine palikuwa na vitobo vinameremeta.

"Hivi vitobo ni vya nini?"

"Vya tairi. Kila mkiitwanga, karatasi inachanika. Hewa haipiti panapotakiwa, na vumbi linapita lisipotakiwa. Mmelipa gari ugonjwa mara mbili."

Msimu baada ya msimu tunashuka kileleni kuua malori yetu kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa bidii!

Jumapili, 16 Juni

Filta mpya ipo. Lakini Fundi Miwani anasema mpya nayo itaziba upesi, kwa kuwa kopo linavuta hewa nyuma ya gurudumu la mbele, penye vumbi kuliko pote, tena karibu na joto la injini. "Tafuta mahali penye hewa safi kwenye gari lako," akasema, "kisha uniambie."

Nitapajuaje? Nilikaa uani nimeshika tama. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anafagia vipande vya kitambaa cheupe chini ya meza yake. Nikamwambia asivitupe.

Alinikuta nikivilowesha ili vinase vumbi na kuvifunga kwenye lori: kimoja nyuma ya gurudumu, kimoja ndani ya boneti, kimoja nyuma ya kebini, kimoja juu kwenye pembe ya mbele ya paa la kebini.

"Mke wangu," akasema, "unalivisha?"

"Ninalipima."

"Kumpima mtu ni kazi yangu mimi," akasema, akaniletea vitambaa vingine.

Alhamisi, 20 Juni

Nimevivua vitambaa vyangu baada ya safari. Cha nyuma ya gurudumu kimekuwa rangi ya tofali. Cha ndani ya boneti kimekauka na kukakamaa. Cha nyuma ya kebini kimeota manyoya ya pamba kutoka kwenye mzigo wangu mwenyewe. Cha juu, pembe ya mbele upande wa abiria, unaweza kufutia uso.

Nilivipeleka gereji nimevishika juu kama bendera. Fundi Miwani alivipanga kwenye meza, akafuta mikono, akatabasamu. Kabla ya leo sikuwahi kuona meno ya yule mtu.

"Tutampandishia pua mpaka pale," akasema.

Jumapili, 23 Juni

Kazi imekwisha na nimefurahi, acha niiandike yote.

Tumechukua bomba pana la chuma, Fundi Miwani kalichomelea kona moja tu tena ya taratibu, maana anasema hewa nayo haipendi kukunjwa shingo. Linatoka kwenye kopo la filta, linapanda ubavuni mwa kebini, linaishia juu kwenye pembe. Juu yake tumeweka kofia ya bati ili mvua isiingie, na chini ya kofia kikapu cha waya. Mume wangu kashona soksi ya chandarua ya kuvisha kile kikapu, inase manyoya ya pamba. Kashona mbili, moja ivaliwe wakati nyingine inafuliwa. Filta mpya imekaa kwenye kopo na mpira wake wa kuzibia, na nimeapa haitaonja tairi.

Sasa utajuaje kama filta imeziba, bila kuifungua kila mara? Hili ndilo lililonipendeza kuliko yote. Fundi kachomelea kijibomba chembamba kati ya filta na injini, akakiunganisha na mpira mwembamba wa kuonea ndani, akauleta mpaka kwenye kebini. Pale tumeupinda, ukashuka na kupanda tena, tukaufunga kwenye ubao na kutia maji yenye wino mwekundu. Injini ikivuta hewa kwa shida, maji yanapanda upande mmoja. Ikivuta kwa raha, yanatulia. Nimeweka alama mbili kwa chaki ya mume wangu: mstari mweupe ni salama, mstari wa bluu ni badilisha filta. Halafu yasipopanda hata kidogo wakati wa kupanda mlima, ujue kuna mahali panavuja.

Kaka alikuja, akazunguka lori, akauliza, "Hili bomba ni la choo?" Nikaendelea kuchora alama zangu za chaki.

Alhamisi, 27 Juni

GIA YA PILI! Mlima mzima, kona kubwa na yote, gia ya pili, moshi mwembamba kama wa sigara! Nimepiga kelele peke yangu mpaka kileleni. Kijogoo alikuwa pale na filta yake na tairi lake. Sikushuka. Nilimpigia honi tu.

Baba: "Mara mbili. Na ya pili umeichelewesha."

Jumatatu, 1 Julai

Maji kwenye mstari mweupe. Gia ya pili.

Jumatano, 3 Julai

Maji kwenye mstari mweupe. Karani wa mizani kauliza kama ule mpira mwekundu ni wa kupimia homa. Nimemwambia ndiyo, anyooshe ulimi.

Jumamosi, 6 Julai

Foleni ni ndefu na lazima niyatoe moyoni.

Asubuhi nimewasha Kifaduro uani apate moto. Kaka alikuwa pale, tena na mnunua vyuma. Eti alikuwa anapita tu. Anapita, na mkononi ana kamba ya kupimia! Baba kwenye kiti chake. Mume wangu mlangoni na cherehani yake.

Injini ikaanza vizuri. Kisha ikapandisha sauti. Mimi sijakanyaga kitu. Ikapandisha tena. Nikazima ufunguo. Haikuzimika. Nikautoa ufunguo kabisa, nikawa nimeushika mkononi kama mjinga, na injini inazidi kulia, kelele inapanda inapanda mpaka vioo vinacheza na moshi mweupe umefunika ua wote. Mnunua vyuma alitoka mbio. Kaka alikimbilia nyuma ya choo, nilimwona kwa macho yangu.

Injini ya dizeli haiombi cheche wala ufunguo. Ikipata kitu cha kuunguza itaunguza, na hii ilikuwa imepata kitu. Ikiendelea hivyo dakika chache, inapasuka. Sasa dizeli nimeshaifunga. Kilichobaki ni kuinyima hewa.

Nikang'oa mto wa kiti changu, ule wa ngozi ya plastiki uliolika katikati. Nikakanyaga ngazi, nikakanyaga boneti, nikafika juu. Kofia nikaipiga teke, kikapu na soksi vikaruka. Nikaweka mto kwenye mdomo wa bomba. Bomba likaufyonza lakini pembeni lilikuwa linavuta hewa bado, linapiga filimbi. Mikono haikutosha. Basi nikageuka nikaukalia. Nikaukalia na mwili wangu wote niliopewa na Mungu, nikashika paa la kebini, nikafumba macho.

Injini ikalia, ikakwama koo, ikatikisika mara mbili, ikafa.

Kimya. Nimekaa juu ya lori, gauni limenikaa vibaya, moshi kila mahali. Kutoka nyuma ya choo kaka akauliza, "Imezimika?"

Niliposhuka nilifungua kopo la filta. Limejaa oili. Karatasi imelowa chapachapa. Nikajua kabla sijauliza. Leo ni Jumamosi.

"Bakuli lilikuwa kavu," Baba akasema kwenye kiti chake. Alipapasa mpaka kwenye lori alfajiri, akalijaza, kama alivyolijaza kila Jumamosi ya maisha yake ya kazi. Karatasi ikanywa oili, injini ikaivuta ikaifanya mafuta ya kuendea.

Nilimfokea. Nilimfokea Baba yangu mbele ya watu, kwamba nilimwambia, kwamba hasikii, kwamba angeliua lori lake mwenyewe. Alinyanyuka, akashika ukuta, akaingia ndani.

Kaka naye alikuwa ameshapata ujasiri wake. "Basi, yameisha. Namwita yule bwana arudi."

"Ulisema mlimani," nikamwambia. "Ulisema siku nitakayokwama mlimani. Huu ni mlima? Hapa ni uani. Na sikukwama, wala sikuvutwa."

Akamgeukia mume wangu. Huyo alikuwa amesimama nyuma yangu na mkasi wake, akasema taratibu, "Alisema mlimani. Nilisikia."

Nimekuja foleni kwa lori la jirani kuleta karatasi za mzigo tu. Kifaduro yuko gereji.

Jumapili, 7 Julai

Nimemwomba Baba radhi. Kasema, "Haya." Kiti chake kakigeuza, kakielekeza mlangoni.

Jumanne, 9 Julai

Fundi Miwani kaisafisha njia yote ya hewa, kamwaga oili ya injini na kutia mpya, kapima silinda moja moja. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikingoja kama mtu aliye nje ya wodi.

"Ulimkalia upesi," akasema mwishowe. "Angekwenda dakika moja zaidi ungenunua injini. Mzima huyu."

Nililia. Fundi Miwani akafuta mikono yake muda mrefu sana.

Alhamisi, 11 Julai

Nimerudi barabarani. Gia ya pili. Habari ya mto imenitangulia. Nilidhani Kijogoo atanicheka mpaka azimie. Kashuka kwenye lori lake, kanitazama, kasema, "Mama Tani, shikamoo." Na alikuwa hatanii.

Nyumbani Baba hakutaja gia. Nilikaa mbele yake makusudi. Nikamwuliza, "Leo nimebadilisha mara ngapi?" Akasema, "Sijui. Sikusikiliza."

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 12 Julai

Maji hayapandi. Mlima mzima, maji yametulia chini ya mstari mweupe, kana kwamba injini haivuti kitu. Na lori linakwenda vizuri! Fundi Miwani kakagua, kakaza klampu zote za kubania mipira, hakuona kitu. Kaniambia nisilibebeshe mzigo mpaka tujue, maana kama hewa inaingia baada ya filta, basi vumbi linaingia nayo, na filta imebaki pambo.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema. Nimekwenda kwenye kiti, nimepiga magoti.

"Baba, nakuomba uje unisikilizie."

"Mimi? Nimeshaharibu vya kutosha."

"Kuna mahali pananyonya hewa. Fundi haoni. Mimi sioni. Na wewe huoni, kwa hiyo tuko sawa sote."

Kitu kilimcheza mdomoni. Nikamshika mkono mpaka kwenye lori, nikawasha, Fundi Miwani akasimama pembeni na taa yake. Baba akainamisha kichwa. Akasogea hatua, akasimama, akasogea tena, akanyoosha kidole bila kugusa.

"Hapo. Panapiga mluzi. Hamsikii?"

Tulikuwa hatusikii lolote. Fundi akalegeza klampu ya hozi ya mpira iliyo kati ya filta na injini, akaigeuza. Chini, mahali klampu ilipokuwa imeuficha, palikuwa na ufa mrefu kama ukucha. Bila shaka ulipasuka siku ile ya kelele.

"Mzee," Fundi Miwani akasema, "masikio yako yangekuwa yangu ningefungua gereji tatu."

Baba akasema hozi siku hizi zinatengenezwa kwa mpira wa ndara. Lakini jioni kiti kilikuwa kimeelekezwa mlimani.

Jumatatu, 15 Julai

Hozi mpya. Maji kwenye mstari mweupe. Gia ya pili, na hata ya tatu kwa muda mfupi juu ya kona! Baba alisikiliza tena. Nilipofika, shingo yake ilikuwa bado imeinama upande wa mlima.

Jumamosi, 20 Julai

Baba, kabla ya chai: "Sijagusa bakuli." Tumecheka wote wawili mpaka mume wangu akatoka kuuliza kuna nini.

Jumatano, 31 Julai

Madereva wawili wamekuja gereji kupandishiwa pua. Fundi Miwani kanunua bomba la ziada. Mume wangu anashona soksi za chandarua, anauliza kama malori nayo yana namba za viatu. Kijogoo anasema yeye hahitaji mapambo. Bado anatwanga.

Alhamisi, 8 Agosti

Mawingu. Wakulima wa vijiji vya mwisho bado wana pamba maghalani na mizani inafungwa wiki ijayo. Pamba ikinyeshewa haina mnunuzi. Mama mmoja kanishika mkono dirishani, kaniambia, "Mwanangu, usitusahau." Nitawasahauje?

Jumatano, 14 Agosti

Naandikia nyumbani leo, mara ya kwanza.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mizani. Watu wa vijiji vya mwisho walitoa kila walichokuwa nacho, na wapakiaji walipandisha mpaka bodi zikalia. Sijawahi kubeba mzigo kama ule. Kaka alikuja na turubai, akalitazama lile tumbo la lori, akatazama mawingu, kisha akapanda kebini, akakaa kiti cha abiria.

"Nakuja," akasema. "Ukikwama leo, nataka nione mwenyewe."

"Funga mlango vizuri," nikamwambia. "Huwa unafunguka watu waoga wakiegemea."

Tulipoanza mlima upepo wa mvua ulikuwa umeshaanza. Gia ya tatu, kwa kuwa chini ni tambarare. Nikasema nitaishika mpaka inikatae. Haikunikataa. Kaka alikuwa kakodolea macho ule mpira mwekundu.

"Yamepanda! Dada, maji yamepanda!"

"Yako kwenye mstari mweupe."

"Yametingishika!"

"Nawe umetingishika, mbona sikupigii kelele?"

Kabla ya kona kubwa tuliona moshi mweusi kwanza, kisha lori. Kijogoo. Amekwama katikati ya mlima, nusu ya barabara kaiziba, amesimama chini na filta yake mkononi. Kaka akainama kutazama mbele. Alijua ninachojua: upande uliobaki ndio wenye mwinuko mkali zaidi, na mtu akisimama pale na mzigo ule hatoki tena. Siku zote mahali pale nilikuwa nashusha gia na kusali. Mkono wangu ulikwenda kwenye gia wenyewe, kwa mazoea. Nikasikiliza. Injini haikuwa inakohoa. Ilikuwa inavuta pumzi, ndefu, nzito, juu kabisa penye hewa safi. Nikautoa mkono. Nikakanyaga.

Tulimpita Kijogoo polepole, matairi ya nje yakitupa kokoto bondeni. Kaka alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, amefumba macho. Kona ikaisha. Mlima ukaisha! Nikapiga honi mpaka kiwandani wakatoka nje.

Tone la kwanza lilianguka juu ya paa la mizani tukiwa tayari chini yake. Pamba yote kavu. Karani aliandika uzito, akaandika tena kwa kuwa hakuamini. Kaka alishuka, akatoa simu, akampigia mtu. Nilimsikia.

"Usije na kamba yako... Hapana, si wiki ijayo. Nasema usije."

Akasimama chini ya dirisha langu, akipapasa lile bomba. "Nani amelichomelea?"

"Ni la choo," nikamwambia.

Akacheka, kaka yangu huyu asiyecheka. "Limekaa vizuri," akasema.

Nikageuza, lori tupu, mvua inanyesha, nikarudi kumvuta Kijogoo na mzigo wake chini ya turubai. Alimwachia msaidizi wake usukani, akapanda kebini kwangu kalowa, filta yake mapajani. Tulilivuta lori lake mpaka kiwandani. Pale akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo fundi wako kesho yupo?" Nikamwambia yupo, na aje na mto.

Nilifika nyumbani mvua imepungua. Baba alikuwa bado nje, kiti kimesogezwa chini ya upenu, miguu imelowa. Nikamwambia shikamoo.

"Nilikuwa nakusikiliza," akasema. "Ulipoanza nikasema, sasa atabadilisha. Kufika kwenye kona nikasema, sasa. Hiyo sasa nayo ikapita. Nikadhani mvua imenizibia masikio."

"Sikubadilisha, Baba."

"Gia gani?"

"Ya tatu. Kutoka chini mpaka juu. Na mzigo."

Akatafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata.

"Mimi sijawahi," akasema. "Hata lilipokuwa jipya."

Nilitaka kumwambia kitu. Mume wangu alikuwa mlangoni, kaka getini, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii wote walikuwa kimya wakingoja nimalize sentensi yangu, nami sikuweza hata kuianza.